Neno Lililoishia kwa Marit

Kila Jumamosi asubuhi Babu Lammert alisimamisha baiskeli yake mbele ya nyumba ya kina Marit na kuanza kulalamika kabla hata hajashuka.

"Ilse! Huyo mwanao bado amelala? Kondoo wameshatoka zizini, sisi bado tunatafuta soksi!"

"Nimeamka, Babu!" Marit alijibu kutoka jikoni. "Ninakunywa maziwa."

"Maziwa hayatafunwi. Harakisha!"

Mama yake Marit alicheka tu. Alikuwa amezoea kelele za baba yake. Marit alifuta mdomo kwa mkono, akachukua baiskeli yake bandani, na wote wawili wakaelekea kanisani, mahali ambapo kundi la Polepole lilikutana.

Polepole ni majirani wa kijiji chetu huku mkoani Drenthe, wengi wao wenye mvi, wapendao kuzunguka kwa baiskeli kwenye njia za msituni na nyikani. Usidhani wanashindana. Wanaendesha kwa mwendo wa mtu anayeweza kupiga soga bila kuhema, na aliye mzito kuliko wote ndiye anayepanga mwendo. Ukiwa na haraka, nenda zako peke yako, hakuna atakayekulilia.

Hata hivyo kundi lina sheria moja isiyofanyiwa mzaha. Njia zetu za baiskeli zina nguzo fupi za mbao zilizosimikwa katikati ili magari yasiingie. Anayeongoza huiona nguzo mapema. Waliomfuata hawaoni kitu ila mgongo wa mwenzao. Kwa hiyo wa mbele hupaza sauti, "Nguzo!", wa pili huipokea, wa tatu naye huipokea, mpaka neno limfikie wa mwisho. Kila mmoja ni macho ya aliye nyuma yake.

Babu Lammert ndiye aliyeongoza tangu kundi lianze. Macho yake yalikuwa bado makali, lakini sauti ilikuwa imekwaruzika kwa uzee. Ndiyo maana Marit alipewa nafasi ya pili tangu akiwa mdogo. Sauti yake ingeweza kumtoa panya shimoni. "Mimi naona, wewe unatangaza," Babu alipenda kumwambia, na Marit alijivunia kazi hiyo kupita kiasi.

Lakini mwaka huo Marit alianza shule ya sekondari mjini. Huko alikutana na Jolijn na Demi, wasichana wawili wa darasa lake ambao kila mtu alitaka kukaa nao. Walipomuuliza anafanya nini Jumamosi, Marit alijibu, "Ah, nalala tu." Aliona haya kusema kwamba anazunguka nyikani na wazee, akipiga kelele za nguzo kama mpiga debe.

Jumamosi moja, vichaka vya nyikani vikiwa vimefunikwa na maua ya zambarau, kundi lilipita njia ya kando ya ziwa. Upepo ulikuwa ukivuma kwa nguvu. Nyuma ya Marit alikuwa Mama Roelie, jirani mfuga kuku, ambaye siku hiyo alikuwa akimsimulia Mzee Geert, aliyemfuata nyuma, habari za jogoo wake mpya.

Mbele ya kona, Marit aliona benchi. Kwenye benchi walikaa Jolijn na Demi, wakipiga picha za maua.

Alishusha kofia usoni na kuinama juu ya usukani. Palepale Babu akapaza sauti yake iliyokwaruzika: "Nguzo! Nguzo katikati!"

Marit alimsikia vizuri kabisa. Aliikwepa nguzo. Kisha akafunga mdomo.

Nyuma yake Mama Roelie alikuwa amegeuza shingo, akicheka. Kishindo kilisikika, kisha chuma kikakwaruza chini, na Mama Roelie akalia, "Mkono wangu! Jamani, mkono wangu!"

Wote walisimama. Mama Roelie alikuwa ameketi njiani, ameshika kifundo cha mkono kilichoanza kuvimba. Na nani alikuwa wa kwanza kufika? Demi. Alivua koti lake akamfunika mama wa watu mabegani, huku Jolijn akipiga simu kuita msaada. Marit alibaki amesimama, ameshika breki kana kwamba baiskeli yake bado inakwenda.

Mzee Geert alimgeukia Babu. Alikuwa ametaharuki, na akitaharuki Geert hachagui maneno.

"Lammert! Mbona hukutuambia kuna nguzo?"

"Nilisema."

"Hukusema! Mimi sikusikia kitu. Nani hapa alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Babu akamtazama mjukuu wake, tena bila wasiwasi wowote, maana alijua jibu litakalotoka.

"Marit, wewe ulikuwa nyuma yangu. Nilisema, sivyo?"

Watu wote wakamkodolea macho. Hata wale wasichana wawili. Marit aliutazama mkono wa Mama Roelie, akaiona adhabu, lawama na kicheko, vyote vikimjia kwa pamoja.

"Sikusikia, Babu," alisema.

Babu alifungua mdomo kubisha, kisha akaufunga. Alitazama nguzo. Akamtazama tena Marit. "Basi sikusema," alinong'ona. "Basi nilidhani tu nimesema."

Nyie wasomaji mtashangaa kwa nini mzee yule hakujitetea. Sisi wa kijijini tulielewa. Mkewe, Bibi Trijn, alikuwa amekufa baada ya kuugua kwa muda mrefu maradhi ya kusahau. Yalianza hivyohivyo. Aliapa kwamba amezima jiko, kumbe jiko linawaka. Mwisho hakumjua hata mumewe.

Jumatano baada ya shule, Marit alikwenda kwa Babu kama kawaida yake. Alimkuta amesimama mbele ya dirisha, akitaja kwa sauti njia nzima ya Polepole: daraja, zizi la kondoo, kinu cha zamani, ziwa. Akakwama. Akaanza tena mwanzo.

"Unafanya nini, Babu?"

"Najipima kichwa," alisema bila kugeuka. "Mama yako atanipeleka kwa daktari wiki ijayo. Ugonjwa wa bibi yako niliuficha muda mrefu mno, huu wangu sitaki kukuficha. Inawezekana yameanza." Akajaribu kucheka. "Geert ataongoza Jumamosi. Mtu asiyejua alichosema na alichonyamazia hawezi kuongoza watu."

Marit alisogea mpaka kwenye kikombe cha chai mezani. "Babu..."

"Naam?"

"Chai yako inapoa."

Alitoka pale mbio, na njia nzima alikuwa akilia. Alijichukia. Nyumbani chakula hakikupita. Mama yake alipomuuliza ana nini, alisema kichwa kinamuuma.

Kesho yake shuleni, Demi alimfuata kwenye korido. Marit alitamani kujificha chooni.

"Wewe! Yule mama wa juzi anaendeleaje?" Demi aliuliza. "Na yule babu mwenye kofia ni wako? Mbona hukutuambia mnaendesha kule? Mama yangu kila siku anatafuta kundi kama lenu, la watu wasiokimbizana. Atapokelewa?"

"Atapokelewa," Marit alijibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kicheko alichokiogopa hakikuwapo kabisa, na kwa ajili ya kicheko hicho alikuwa amemvunja mtu mkono na kumvunja babu yake moyo.

Jumamosi ilifika. Polepole walikusanyika mbele ya kanisa. Mama Roelie alikuja kwa miguu kuwaaga, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Mzee Geert alikuwa mbele. Babu Lammert alikuwa nyuma kabisa, amevaa fulana ya njano ya mtu wa mwisho, na tangu afike hakuwa amelalamikia chochote. Ukimya ule ndio uliomshinda Marit.

"Tayari?" Geert aliuliza.

"Bado," alisema Marit.

Sauti ilitoka ndogo. Geert akageuka. "Nini tena?"

"Babu alisema." Marit alishuka kwenye baiskeli. "Siku ile. Alisema kuna nguzo. Alisema mara mbili, na mimi nilisikia. Sikupitisha. Niliwaona wasichana wa shuleni kwetu, nikaona haya kupiga kelele mbele yao. Halafu nikadanganya."

Baiskeli ya mtu ilianguka, na hakuna aliyejali kuiinua.

Babu alikuja taratibu kutoka nyuma, akisukuma baiskeli yake. Alisimama mbele ya mjukuu wake.

"Nilisema?"

"Ulisema, Babu. 'Nguzo katikati.'"

Mzee alivua kofia, akajifuta uso nayo, akakaa juu ya ukuta mfupi wa kanisa. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu. "Wiki nzima, Marit," alisema. "Wiki nzima nimekuwa nikijizika mwenyewe, na wewe unanitazama."

Marit alilia mbele ya watu wote, bila hata kuficha uso.

Mama Roelie alimsogelea. "Binti, mimi nimekukasirikia, na nitaendelea kukukasirikia mpaka plasta hii itoke," alisema. "Lakini kuku wangu hawajui kama nimevunjika mkono. Kesho asubuhi uje uwalishe, na keshokutwa, na kila siku mpaka nipone. Hilo banda lisafishwe pia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Roelie. Nisamehe."

"Tutaonana bandani."

Mzee Geert alikohoa, akashuka kwenye baiskeli yake. "Lammert, rudi mbele. Na mimi uniwie radhi, ndugu yangu. Nilikuwa mwepesi wa kukuzeesha."

"Wewe huwa mwepesi wa kila kitu ila kupanda kilima," Babu alimjibu, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akavua fulana ya njano, akampa Marit. Hakutabasamu. "Leo utakaa mwisho. Usiniulize mpaka lini."

Marit alikaa mwisho. Walipofika kwenye mkahawa wa nyikani kunywa kahawa na kula keki ya tufaha, alichagua meza ya pembeni, peke yake. Hakuweza hata kuonja keki. Baada ya muda kiti cha pili kilivutwa, na Babu akaketi na sahani yake.

"Nimekasirika njia nzima," alisema. "Na nimefurahi njia nzima, maana kichwa changu ni kizima. Hujui jinsi ilivyo kazi kufanya yote mawili huku unaendesha baiskeli."

"Babu, naona aibu hata kukutazama."

"Ione. Ni yako, na leo umeichukua mwenyewe." Babu alikata kipande cha keki. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuona haya si kosa, kila mtu huona haya. Hata mimi nikiwa kijana nilimkana mama yangu sokoni kwa sababu ya viatu vyake vya mbao. Kosa lako ni kwamba ulipolemewa na aibu yako, ulimtwika mtu mwingine aibebe. Usifanye hivyo tena, kwangu wala kwa mtu yeyote."

"Sitafanya."

"Sasa kula. Ukidondoka kwa njaa huko nyuma, hakuna wa kukuona."

Marit alichukua uma, akaanza kula.