Mkufu Uliobandikwa kwenye Rafu

Kila asubuhi Naliaka aliianza kazi kwa njia ileile. Alifagia maranda mbele ya kibanda chake kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, akafunga leso juu ya jinzi yake, kisha akasugua mbao kwa msasa huku chai ya Phylis, jirani yake mpika chakula, ikipoa juu ya mkebe wa rangi. Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza amesimamisha mlango wa kabati, rangi yake ya maziwa bado mbichi, bodaboda ilipopita karibu mno. Abiria alikuwa amekumbatia rafu ndefu kama mtu anayepeleka mgonjwa hospitali. Krrr! Rafu ikaukwaruza mlango, ikaondoka na rangi.

"Wee! Simama hapo!" Phylis akapiga kelele kutoka jikoni kwake.

Abiria akashuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, doa la rangi ya maziwa begani.

"Pole sana, dada. Nimekuharibia kazi."

Naliaka hakumtazama usoni. Kwa watu alikuwa na haya. Kwa mbao hakuwa na haya hata chembe. Akaikagua ile rafu: mbao ya sipresi ya bei ya chini, vichwa vya misumari nje, kingo zimejaa vibanzi.

"Hii ulinunua ama uliokota?"

Phylis alicheka mpaka akamwaga chai.

"Nilinunua! Niko na duka la dawa za mifugo huko Kajiado. Naitwa Timothy."

"Ng'ombe wakiona hii rafu watapona kwa woga tu."

"Basi itibu, daktari."

Akaitibu. Aliisugua hadi ikawa laini kama kiganja cha mtoto, akazamisha misumari na kuziba matundu. Kingo zenye vibanzi akazifunika kwa vipande vyembamba vya mbao, na juu kabisa akagongomea ukanda uliochongwa mawimbi, rafu ikapata taji. Mgongoni akabandika karatasi ya maua. Rangi akaipaka mara tatu. Timothy alikuja kila Ijumaa "kuangalia rafu", ingawa rangi hukauka kwa siku mbili. Na kila jioni simu ililia.

"Fundi wangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Amevalishwa taji."

"Na mimi je?"

"Wewe uko kwa foleni, Timothy. Vumilia."

"Foleni iko na watu wangapi?"

"Ni wewe peke yako," alisema Naliaka, akakata simu haraka na kuuficha uso kwenye leso, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Ijumaa iliyofuata Timothy alileta mkebe wa shanga. Alitaka kingo za rafu zivae ushanga, wateja wajue wameingia duka la mtu wa kwao.

"Hizi Mama alitunga," alisema akitazama viatu vyake. "Utajua la kufanya nazo." Akawa kama anataka kuongeza neno, kisha akalimeza.

Mkebeni mlikuwa na nyuzi fupi za shanga nyekundu, nyeupe na za rangi ya machungwa. Chini kabisa, ndani ya kipande cha shuka, mlikuwa na mkufu mmoja mrefu wa shanga za buluu. Naliaka akaupima. Ulitosha ubao wa katikati kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Akakata uzi, akapaka gundi, akaubandika. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile.

Timothy alikuja na pikapu. Alipoiona rafu, tabasamu lake likafutika. Akapitisha kidole juu ya zile shanga za buluu.

"Umeubandika huu."

"Haujakaa vizuri?"

"Umekaa vizuri sana," alisema, akapakia rafu, akaondoka bila hata kunywa chai.

Simu haikulia tena. Naliaka alipopiga, haikushikwa. Ijumaa mbili zikapita. "Alifuata rafu," alimwambia Phylis, macho yakimuuma. "Rafu imeisha."

Jumatatu mwanamke mmoja akasimama mbele ya kibanda, amevaa shuka la zambarau na hereni ndefu.

"Sopa," alisalimia kwa Kimaasai. "Mimi ni Nalotuesha, dada ya Timothy. Kwa nini hukumkataa kwa mdomo? Kumbandikia jibu kwa rafu, wateja wote waone!"

"Kumkataa lini? Aliniuliza nini?"

"Ule mkufu mrefu wa buluu kwetu Wamaasai huvaliwa na mwanamke aliyeolewa. Mama alimtungia mke ambaye Timothy angemuoa, naye akakupa wewe uuvae."

Msasa ukamponyoka Naliaka. "Mimi ni Mbukusu, dada. Aliniambia tu, 'Utajua la kufanya nazo.'"

Nalotuesha akajishika kichwa. "Ngai! Huyu kaka yangu!"

Naliaka akafunga kibanda mchana kweupe, akavaa gauni lake la kijani, akaenda Kajiado. Dukani kulikuwa na watu sita, na nyuma ya kaunta ile rafu ilisimama na taji lake, imejaa chupa za dawa. Akapanga foleni. Foleni ikasogea hadi zamu yake ikafika.

"Nikusaidie na nini, ..." Timothy alianza, akainua macho, akaweka chini chupa aliyoishika.

"Sikukukataa," alisema Naliaka mbele ya wote. "Nilipima urefu wa mkufu, nikaona unatosha ubao. Ulidhani Kimaasai nimejifunzia wapi? Kwa msasa?"

Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe akaangua kicheko. "Kijana, mhudumie huyu kwanza. Kupe wangu watangoja."

"Naliaka, Mama anaweza kutunga mwingine ..."

"Usiniambie ya Mama. Wala ya shanga. Ungeniuliza, ningekubali siku hiyohiyo. Lakini hukuniuliza, Timothy. Hata leo hujaniuliza."

Timothy akazunguka kaunta, akaja akasimama mbele yake, karibu kabisa. Safari hii hakutazama viatu.

"Nakupenda, Naliaka," akasema, kwa sauti iliyofika hadi nje barabarani. "Nataka nikuoe. Utakubali?"