Mende Ndani ya Mkate

"Mimi sitangazi uongo hata siku moja," Kamera alijigamba asubuhi ile, mswaki mdomoni, povu likimtiririka kidevuni. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alirekodi kila kitu kwa simu ya mama yake. Video yake ya bomba lililopasuka iliwahi kuwekwa kwenye ukurasa wa mtandaoni wa runinga ya mji wao, na tangu hapo kichwa kilimvimba.

Lakini wiki hiyo hakuna bomba lililopasuka. Akizunguka jikoni kutafuta habari, Kamera aliona mende mfu nyuma ya kabati, miguu juu, ute mweupe umemtoka ubavuni. Alimchota kwa kijiko, akiwa amejaa kinyaa, akampachika ndani ya mkate wa mwoka mikate wa mtaani kwao. Akarekodi.

"Watazamaji, haya ndiyo tunayolishwa na mwoka mikate wetu," alisema kwa sauti nzito ya kuazima.

Aliituma video kwenye ukurasa ule wa runinga, nao haukuuliza swali lolote. Kufikia mchana video ilikuwa imesambaa, na maoni yalinuka kuliko mende mwenyewe. Mmoja alimtukania mwoka mikate wazazi wake. Mwingine alitaka tanuri livunjwe. Jioni Kamera alipopita kwenye duka la mwoka mikate, mzee huyo alikuwa amekaa peke yake, mikate imejaa rafuni, kohozi la mtu likiteleza kwenye kioo cha mlango.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hata wewe leo hununui?"

Kamera akageuka. Akaondoka mbiombio.

Kesho yake mwandishi wa runinga alikuja nyumbani na mpiga picha. Alieleza kuwa taarifa ya habari ya jioni hairushi kitu cha mtandaoni mpaka waandishi wauone ushahidi kwa macho yao. Kamera akaleta sahani.

"Nilipoukata tu mkate, nikamkuta," alisema.

Bibi yake akatoka jikoni, akainama juu ya sahani.

"Mbona huyu ni wangu?"

"Wako kivipi, mama?" mwandishi akauliza.

"Nilimuua juzi kwa kandambili hii. Bawa lake moja bado limeganda kwenye soli." Akainua mguu, wakaliona.

Mpiga picha akaziba mdomo. Haikujulikana kama anacheka au anataka kutapika. Kamera akaangua kilio, akasema kila kitu.

Video iliondolewa. Jioni runinga ilimsafisha mwoka mikate mbele ya mji mzima na kumwomba radhi, kwa kuwa ukurasa wake wa mtandaoni haukuichunguza video ile. Kulipokucha, bibi alimkabidhi Kamera ndoo na sabuni, wakaenda dukani. Kamera akamwomba mzee msamaha, kisha akasugua kioo huku amekunja pua.

"Unaona kinyaa?" bibi akamuuliza. "Hicho ndicho ulichompaka mwenzio. Tangaza ulichokiona. Ukikosa cha kutangaza, funga mdomo, hutakufa."

"Nimeelewa, bibi. Na nimeshafuta kote."

"Kona ile ya chini hujaigusa," bibi akasema. "Nimekuona ukiiruka."