Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alitia vidonge vyake vyekundu mdomoni mbele ya mama yake, akanywa maji, akatoa ulimi kuonyesha kuwa amemeza. Jina hilo alipewa kwa kusema bila kupumzika. Kifua kikuu kilipomnyamazisha, nyumba nzima iliingia ukiwa. Sasa kikohozi kilikuwa kimekwisha na mdomo umerudi kazini.

Siku hiyo mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akimalizia sweta la mteja. Alichukua kifungo chekundu koponi, akajaribu kupitisha sindano. Wapi!

"Kifungo gani hiki hakina matundu?" Akakisogeza machoni. "Chiriku! Njoo hapa!"

Chiriku alipoliona kopo, alirudi nyuma hatua moja. Kumbe alikuwa akivibana vidonge shavuni, kisha anavitema humo.

"Mama, mimi nimeshapona," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu vinanigeuza mkojo rangi ya chungwa!"

Mama hakujua acheke au alie. Alimpeleka moja kwa moja kwa shangazi yake, mpimaji wa maabara katika zahanati. Shangazi alichukua makohozi ya Chiriku ayapime, kisha akamketisha mbele ya hadubini iliyowekwa kipande cha kioo chenye sampuli ya kufundishia.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Doa la buluu. Lina vijiti vyekundu ndani!"

"Doa hilo ni chembe nyeupe ya damu. Kazi yake ni kumeza vijidudu na kuvimeng'enya. Lakini kijidudu cha kifua kikuu kina ganda la nta. Kikimezwa hakimeng'enyeki, kinazaana humo humo."

"Khaa! Mgeni gani huyo asiye na adabu?"

Shangazi aliangua kicheko. "Ndiyo maana chembe hiyo huita wenzake, wakaizunguka na kukifungia kijidudu ndani. Kikibanwa kinanyamaza, nawe unajiona mzima. Dawa ndiyo inayokifuata huko, polepole. Ukiiacha katikati kinaamka, na huenda dawa hiyo isikiweze tena."

Chiriku aliogopa kweli kweli. "Na kama kimeshaamka?"

"Tusubiri majibu."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko ugonjwa wenyewe. Chiriku alimeza vidonge vyake vyote, na mwenyewe akamwomba mama amkague mashavu.

Hatimaye shangazi alikuja na majibu. "Hakuna kijidudu kilichoonekana."

Chiriku alimrukia shingoni kwa furaha.

"Tulia kwanza! Muuguzi wa zahanati amekuongezea muda wa dawa, kufidia vidonge ulivyotema."

"Nitameza, shangazi. Hata mkojo ukitaka kuwa wa zambarau!"

Shangazi alicheka, kisha akamshika mabega. "Kujisikia mzima siyo kupona, mwanangu. Sisi ulitudanganya, tukadanganyika. Lakini chembe zako zinazopigana humo ndani huwezi kuzidanganya. Zinajua kama msaada umefika au haukufika."