Mbegu Nyekundu za Shamba la Kijiji

Kwaru… kwaru… kwaru. Jiwe la kusagia ndilo lililomwamsha Silvana, kama lilivyomwamsha kila siku. Giza lilikuwa bado zito, na upepo wa Ufipa ulikuwa ukipenya kwenye nyasi za paa. Jikoni, mama yake, Cornelia, alikuwa amepiga magoti akisaga ulezi. Mara kwa mara jiwe lilinyamaza, na Silvana alijua kwamba mama amesinzia juu yake. Halafu kwaru… kwaru… likaendelea.

"Mama, nije nikupokee?"

"Lala kidogo, mwanangu. Mgongo wako bado ni mdogo, usiuzeeshe mapema."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamie kijiji kipya, na msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Baba alikuwa ameteremka ziwani Tanganyika kuvua, angerudi wakati wa mavuno. Mama alilima shamba la kijiji asubuhi, akalima la kwake mchana, na jioni akaenda darasa la watu wazima na kukaa kwenye dawati lile lile alilokalia Silvana mchana. Akirudi, aliandika herufi ukutani kwa mkaa huku akimnyonyesha Adolfu, mdogo wake Silvana. Ukuta wa jikoni ulikuwa umejaa BA BE BI BO BU.

Kulipokucha Silvana alichukua jembe lake akaenda shuleni na wenzake. Kila mtu alitembea kimya, kwani tangu Jumatatu walikuwa wakipanda mahindi katika shamba la kijiji. Hata Modesti, ambaye kwa masihara hana mpinzani darasa la tano zima, siku hiyo alikuwa akiburuta miguu.

"Silvana, umevimba macho kama chura wa masika."

"Wewe umevimba kichwa, na chako hakipungui."

Modesti alifungua kinywa kujibu, lakini akasimama ghafla. Mbele yao, kando ya njia, alikuwa amelala kanga, miguu juu. Hatua chache mbele walikuwepo wengine wawili. Kisha hua, kisha kwale. Walipofika ukingoni mwa shamba hawakuweza tena kuhesabu. Kanga walikuwa wametapakaa majanini na madoadoa yao meupe, kama nguo zilizoanikwa zikapeperushwa na upepo. Mbweha mmoja alikuwa amekufa akiwa na manyoya mdomoni.

Habari ilifika kijijini kabla ya jua kupanda. Watu walikuja mbio na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mmoja alisema ni mdondo, ule unaoua kuku, sasa umeingia porini. Mwingine alisema wazee waliozikwa kule walikohama wamekasirika kwa kuachwa peke yao. Mama Epifania, jirani yao, alikuwa ameshafunga kanga wanne kwa kamba.

"Mizimu ikikasirika inaleta njaa, haileti nyama," alisema. "Mimi tangu mavuno sijaonja nyama. Mkimaliza kubishana, mtanikuta nakula."

Watu walicheka, wakaanza kuokota. Silvana hakucheka. Alikuwa akitazama ncha za vidole vyake. Rangi nyekundu ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye kucha.

Siku ya Jumatatu, Mwalimu Polikarp alikuwa amefungua magunia ya mbegu zilizoletwa na lori kutoka Sumbawanga. Zilikuwa mahindi, lakini si mahindi ya kawaida, maana zilipakwa unga mwekundu. "Zina dawa ya kuzuia wadudu," alisema. "Msitie mdomoni. Kila shimo mbegu mbili, halafu fukieni vizuri. Naweni mikono mkimaliza." Kila wanafunzi wawili walipewa kopo moja lililojaa kila siku, na hakuna kurudi nyumbani mpaka kopo liishe. Siku ya pili yake mwalimu aliitwa mjini kwenye semina, akamwachia kiranja kazi ya kukagua makopo.

Silvana na Modesti walipanda Jumanne mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Kopo lilikuwa bado nusu. Ukingoni mwa shamba palikuwa na ntumba za zamani, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Udongo wake ni laini kama unga.

"Tazama," alinong'ona Modesti. Alichimba ntumba moja kwa mkono, akamimina mbegu zote zilizobaki, akafukia juu juu. "Kopo limeisha. Mungu si Athumani."

Silvana alijua kwamba si sawa. Lakini alikuwa amechoka, na nyumbani kulikuwa na maji ya kuteka na Adolfu wa kubeba. Alinyamaza. Jumatano walifanya vile vile.

Sasa, mbele ya kanga waliokufa, Modesti alimsogelea mpaka mdomo ukagusa sikio. "Ukifungua kinywa, fimbo ni zako na zangu. Tena huenda si sisi. Huenda ni mdondo kweli."

"Huenda," alijibu Silvana. Alitamani sana iwe ni mdondo.

Aliporudi nyumbani alasiri, aliona moshi jikoni akasikia jambo ambalo hakuwa amelisikia kwa miezi mingi: mama yake alikuwa akiimba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amelaza kanga aliyenyonyolewa juu ya jani la mgomba, na chungu kilikuwa kinachemka. Adolfu alikaa karibu, bakuli lake mapajani, akilipiga kwa kijiko.

"Njoo, mwanangu. Mama Epifania katugawia mmoja. Leo mtalala mmeshiba, na mimi nitakwenda darasani na nguvu." Alipasua mfuko wa shingoni mwa yule kanga, akakunja uso. "Hee! Huyu amekula nini?"

Punje za mahindi ziliporomoka juu ya jani. Zilikuwa nyekundu.

"Si zile mbegu zenu hizi? Mbona ni nyingi hivi? Si mmezifukia?"

Silvana alificha vidole vyake mgongoni. Mama alizifuta punje pembeni, akaanza kukata nyama vipande na kuvitumbukiza chunguni kimoja kimoja. Paja. Kidari. Bawa.

"Mama, tusile. Ananuka."

Mama aliinua kipande akanusa. "Hanuki. Amekufa leo leo."

"Mimi sitaki nyama."

"Wewe? Hutaki nyama?" Mama alicheka, akampapasa paji la uso kwa mgongo wa mkono kuona kama ana homa. "Basi mnyweshe mdogo wako mchuzi. Ukiiva kidogo tu, mpe, ukali wa njaa umpungue."

Chungu kilipotokota kitambo, akachota mchuzi kwa upawa, akaumimina kwenye bakuli la Adolfu, akaupuliza. Mtoto alinyoosha mikono miwili.

Silvana alilipiga bakuli likaruka. Mchuzi ulimwagika majivuni, na Adolfu akaangua kilio.

"Silvana!"

"Ni sisi, mama! Ni mbegu! Mimi na Modesti tulichoka, tukazimwaga kwenye ntumba, kanga wamefukua wamekula. Zina dawa. Mwalimu alisema tusitie mdomoni." Alikuwa akilia sasa kuliko Adolfu. "Nimekudanganya. Hanuki."

Mama alitazama punje nyekundu, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akaiosha kwa maji na majivu, akaiosha tena, akamnawisha na mtoto. Alibeba chungu chote, chenye nyama waliyoisubiri tangu mavuno, akakimwaga katika shimo la choo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Nyumba ngapi zina chungu motoni saa hizi?"

"Sijui, mama. Nyingi."

"Basi kulia tutalia baadaye. Twende."

Alimfunga Adolfu mgongoni, akamshika Silvana mkono, wakaenda mpaka pale ilipotundikwa rimu ya gari ambayo ilikuwa ndiyo kengele ya kijiji. Mama aliokota jiwe akaigonga kwa nguvu zake zote. Manyunyu yalikuwa yameanza kushuka. Watu walitoka majumbani mmoja mmoja, wamechoka, wamenuna. Mzee Clemens, mwenyekiti wa kijiji, alikuja akiwa amejifunika gunia tupu kichwani na mgongoni kukinga mvua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Cornelia. Moto umewaka wapi?"

"Si moto, mzee. Nawaomba mtu yeyote asile wale kanga. Wamekufa kwa sumu ya mbegu."

Kelele zilizuka. "Nani kakuambia?" "Mwalimu alisema dawa, hakusema sumu. Dawa inaponya!" Mama Epifania aliweka mikono kiunoni. "Cornelia, dada yangu, nimekupa kanga kwa mkono wangu. Kama wewe umeshiba, sisi hatujashiba. Au darasa la usiku limekufanya daktari?"

Baadhi walicheka, wakaanza kugeuka kurudi kwenye vyungu vyao. Mama alisimama pale na mvua usoni, hana la kuwaonyesha. Ndipo macho yake yakatua juu ya gunia la mwenyekiti. Lilikuwa na maandishi.

"Mzee, tafadhali, nigeuzie mgongo."

"Nikugeuzie mgongo? Nimekosa nini?"

"Geuka tu, baba. Nisome."

Mzee Clemens aligeuka. Herufi zilikuwa zimepinduka kichwa chini, na mama ilimbidi apinde shingo. Aliweka kidole kwenye gunia kama alivyozoea kukiweka ukutani kwake. Waliokuwa wakiondoka wakasimama.

"HA… TA… RI. Hatari." Kidole kikasogea. "M-BE-GU… Mbegu hizi… zi-me-ti-wa… SU-MU. Zisiliwe na… watu wala… wa-nya-ma." Alirudia yote tangu mwanzo, safari hii bila kukatakata. "Hatari. Mbegu hizi zimetiwa sumu. Zisiliwe na watu wala wanyama."

Mzee Clemens alilivua lile gunia kichwani kana kwamba lina nyoka, akalitupa chini.

"Inayoua mdudu haichagui," alisema mama. "Kanga kala mbegu, mbweha kala kanga. Nasi tulikuwa njiani kumfuata mbweha."

"Lakini mbegu si zimefukiwa shimoni?" aliuliza Mama Epifania kwa sauti ndogo. "Kanga wamezipataje nyingi hivyo?"

Mama alimtazama Silvana. Hakumsukuma. Silvana alipiga hatua mbele na kueleza tena mambo yote: ntumba, kopo, uchovu. Hakumtaja Modesti. Lakini Modesti alijitokeza nyuma ya watu, uso umekuwa wa kijivu, ameshika tumbo.

"Na mimi. Na… nilichoma paja mchana, nikala." Akainama, akatapika.

Vijana wawili walimpakia kwenye baiskeli palepale kumkimbiza zahanati. Na hapo mikono mingine ikaanza kunyooka, mmoja mmoja, kwa aibu. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wamemwaga mbegu katika ntumba, kila jozi ikidhani iko peke yake.

Jioni hiyo vyungu vyote vilimwagwa. Kesho yake watu wazima walikwenda na majembe, wakachimba shimo refu, wakazika kanga, hua, kwale na mbweha, pamoja na kila punje iliyofukuliwa kutoka kwenye ntumba. Ilikuwa kazi ya siku nzima, na watu waliifanya bila wimbo. Silvana alichimba kando ya mama yake mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Modesti alilazwa siku tatu. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini ulimi haukukonda. "Silvana," alisema, "sasa hata kuku nikimwona namsalimia shikamoo."

Mwalimu Polikarp aliporudi kutoka mjini aliwasikiliza wote wawili. "Nilisema dawa, sikusema sumu," alisema. "Hilo ni kosa langu. Na kopo nililijaza kupita nguvu zenu, halafu nikaondoka. Hilo nalo ni langu. Lakini kuficha ni kwenu." Kwa adhabu aliwapa kazi ya kuwafukuza ndege shambani, zamu kwa zamu, mpaka mahindi yaote.

Usiku wa siku hiyo mama hakwenda darasani. Aliketi na Silvana jikoni, kichwa cha Adolfu pajani pake.

"Umekasirika, mama?"

"Nimechoka, mwanangu. Kukasirika kunataka nguvu." Akatabasamu kidogo. "Sikiliza. Kuchoka si kosa. Mimi huchoka nikalala juu ya jiwe la kusagia, nawe unanisikia, usifikiri sijui. Mtu akisema amechoka, atapatikana wa kumpokea. Akificha, kazi ile haijaisha, imejilaza tu mahali inamngoja mtu mwingine. Juzi ilimngoja mdogo wako. Ulichelewa kusema, lakini ulisema kabla bakuli halijafika mdomoni. Hilo sitalisahau."

Wiki mbili baadaye wanafunzi walipanda maharage. Kulikuwa na jua kali baada ya mvua, na udongo ulikuwa ukishika majembe. Hata mchana ulipofika, mwalimu alisimama kwenye kichwa cha shamba.

"Mmemaliza?"

"Tumemalizaaa!" lilijibu darasa zima, na watoto wakaanza kubeba majembe yao.

Silvana alitazama ndani ya kopo lake. Kulikuwa na maharage kama viganja viwili. Mgongo ulikuwa unamwaka moto, na hatua tano tu kutoka aliposimama palikuwa na ntumba, laini, kimya. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kopo langu bado halijaisha."