Waya wa Pili Umeshuka

"Sindano, mshumaa mmoja umeinama. Nenda."

Redio ikanyamaza. Sindano, askari kanzu, alikuwa tayari anapanda ngazi za kituo cha umeme, bastola kiunoni, pingu mfukoni.

Maana ya ujumbe ni hii: wauza silaha za magendo walikuwa wameushusha nguvu waya mmoja kati ya nyaya tatu zinazoingia kituoni. Humo ndani, mtu wao alikuwa ameivuruga mashine ya kugeuza umeme ili izidiwe. Umeme ukikatika, kufuli za umeme za ghala la bunduki zilizokamatwa zitafunguka zenyewe.

Wenye ufunguo wa mashine hiyo walikuwa wawili. Mmoja ni mume wake, Fundi. Wa pili ni Mhandisi, mwanamke mgeni kazini, ambaye Fundi alimsifu mezani mpaka chakula kikamkwama Sindano kooni.

Moyo wa Sindano ulishachagua.

Mungu anisamehe, aliwaza, lakini na awe huyo mwanamke.

Akasukuma mlango.

Walikuwa wameinamia skrini moja, bega kwa bega. Marashi ya mwanamke yule hayakuwa mageni kwake. Yalikuwa kwenye shati la Fundi alilofua juzi.

Mkono ukashuka kwenye bastola.

Mhandisi alimweleza haraka kwamba waya wa pili katika zile tatu umeshuka nguvu, na mashine inazisukuma nyaya zote tatu sawasawa. Isipoambiwa iutazame kila waya kwa hali yake, itajizima. Alitaka kuirekebisha, lakini Fundi alikuwa ameziba vitufe kwa kiganja.

"Wastani wa nyaya zote uko sawa," Fundi akasema. "Msiguse kitu."

Sindano akamgeukia Fundi.

Wastani?

Huyu ndiye aliyemwimbia miaka yote kwamba nyaya tatu ni wake wenza: usiulize nyumba ikoje, muulize kila mmoja kama amekula. Fundi hakuwahi kuamini wastani, hata wa chumvi.

Pingu zikalia.

Kwenye mikono ya Fundi.

Mhandisi akarukia vitufe. Taa zikafifia. Zikapepesa. Zikasimama imara.

"Ghala halijafunguka," redio ikasema. "Tumewakuta wauza silaha wamekumbatia mlango."

Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya kuonewa.

"Mama Watoto, unanifunga kwa wivu?"

"Kwa wivu ningemfunga yeye."

Akamkabidhi Fundi kwa walinzi wa kituo. Akamwambia Mhandisi amefanya kazi nzuri, ila abadilishe marashi.

Kisha akashuka ngazi, taratibu, bila kugeuka nyuma.