Uzito wa Siti ya Nyuma

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Mshonaji wa nyumba ya pili kutoka kona alikuwa barazani anapinda marinda ya sare za shule, mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mumewe alikuwa chini ya gari, imebaki miguu tu nje. Binti yao, Kibonge, alikuwa anaruka juu ya bati lililofunika mtaro mlangoni. Bwa, bwa, bwa. Jina hilo hakupewa bure. Ni mtoto wa chekechea, lakini ukimpakata kidogo tu magoti yanakufa ganzi.

Gari lilikuwa la michezo, la zamani, la milango miwili, jekundu lililopauka kama kopo lililosahauliwa juani. Baba Kibonge alilipenda kuliko meno yake mwenyewe. Na mwanaume akishanunua gari la milango miwili huku ana kitambi, usimuulize umri, atakudanganya.

Shida ni kwamba lilikuwa na sura ya mbio, mbio zenyewe hakuna. Kwenye mlima wa nje ya mji, ambako wenye magari hukutana Jumapili kushindana, muuza dawa alimpita na kigari cha kubebea maboksi, tena akampungia mkono. Tangu hapo Baba Kibonge akakosa raha. Injini mpya hakuimudu, akahangaika na vya bei nafuu. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la hewa, akakata ekzosi na kuunga bomba pana. Kelele ikaongezeka mpaka kuku wa jirani wakagoma kutaga. Nguvu, ile ile. Ndipo akaanza kupunguza uzito. Ilitoka tairi ya spea, ikatoka jeki, zulia, redio. Mwisho akang'oa siti ya nyuma.

"Na Kibonge atakaa wapi?" mkewe aliuliza.

"Kibonge ana miguu."

"Na mimi?"

"Mama Kibonge, wewe ukipanda humu ni mifuko miwili ya simenti. Usinune, ni hesabu tu."

"Kitambi chako umekihesabu?"

Mumewe alikuwa anaifunga siti juu ya gari kwa kamba, aipeleke kwa Fundi Mkavu, aliyekubali kuipokea badala ya malipo ya kuliongezea gari mbio. Karakana ya huyo fundi ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mtaa wa magereji. Walimwita Mkavu kwa sababu hakuna aliyewahi kuona grisi mikononi mwake. Mama Kibonge alimpakata mtoto siti ya mbele wakaenda wote, maana alikuwa na vitambaa vya kuchukua njiani. Kwa hiyo yaliyosemwa huko aliyasikia mwenyewe.

Fundi hakufungua hata boneti. Aliiweka siti ukutani, akalizunguka gari.

"Linabeba nani?"

"Mimi tu."

"Mke? Mtoto?"

"Nimeshasema, mimi tu."

"Basi niwatoe?"

"Watoe hata sasa hivi," Baba Kibonge akasema, anacheka.

Fundi akaingiza mkono wake wa vidole virefu, vyembamba, pale siti ilipokuwa, akafumba kiganja kama anachota unga. Akautoa. Akaukung'utia juu ya ile siti ukutani, akasema kazi imekwisha.

Hakuna aliyekuwa ameikalia. Springi zake zikalia.

Jumapili hiyo gari lilipanda mlima kama limerushwa. Muuza dawa alikula vumbi. Baba Kibonge alirudi nyumbani anaimba, na wimbo hajui.

Kesho yake Kibonge akatoka kuruka kwenye bati la mtaro. Mama yake alikuwa anatunga uzi. Kuna kitu kikamsumbua, asijue nini. Akainua kichwa. Mtoto alikuwa anaruka, anaruka kweli, nywele zinapanda na kushuka.

Bati lilikuwa kimya.

Akashusha mguu kwenye kanyagio ashone. Kanyagio halikuzama. Akaweka miguu yote miwili, akajikaza. Ni kama alikuwa ameweka juu yake soksi tupu. Asubuhi iliyofuata akatazama godoro upande aliolala mtoto. Shuka lilikuwa limenyooka kama limetoka kupigwa pasi.

Akamchukua mpaka dukani, akamsimamisha kwenye mizani ya kupimia mchele. Mshale haukutikisika. Muuza duka akaangalia mshale, akamwangalia mtoto. Akaifunika mizani kwa gunia.

"Nenda nyumbani, mama," alinong'ona. "Usimpitishe penye upepo."

Upepo ulikuja siku wanaanua nguo. Kibonge alikuwa ameshika shati la baba yake. Shati likavimba. Mtoto akasimama kwa vidole, halafu vidole vikaachana na ardhi. Hakulia, alikuwa anacheka. Mama yake, mkono mmoja kwenye nguzo ya kamba, alimdaka kifundo cha mguu, akamvuta chini kama anavyovuta kitambaa. Tangu hapo akawa anamfunga kiunoni kwa mkanda wa gauni, ncha ya pili kwenye mkono wake.

Alimwambia mumewe. Mumewe akasema watoto hukonda wakirefuka.

"Mnyanyue basi."

Akamnyanyua, na kidogo ampigize kichwa darini. Akamshusha polepole.

"Imebaki Jumapili moja," alisema, macho chini. "Watakuja wale wa magari makubwa. Nikishawapita nitarudi kwa fundi, aturudishie."

"Mtoto atafika hiyo Jumapili?"

"Si umemfunga?"

Mwanamke akakaza fundo la mkanda. Kuna maneno mtu akishayasema, unajua uliyelala naye ni nani.

Jumapili asubuhi mume akaondoka na gari. Kufikia wakati huo mtoto alikuwa hatembei tena, anaelea kando ya mama yake kama kishada, na sauti yake imekuwa nyembamba. Mama akajaza mawe kwenye mkoba ili naye asipeperuke, akaenda mtaa wa magereji akipita ubavuni mwa kuta.

Fundi Mkavu alikuwa mlangoni. Ndani hakukuwa na gari hata moja. Zilikuwepo siti tu. Siti za nyuma, za kila rangi, zimepangwa ukutani.

Zote zilikuwa zimebonyea.

Moja ilikuwa inabonyea na kurudi, taratibu, kama mtu anayepumua. Akaitafuta ya kwao, akaikuta. Ilikuwa na umbo la makalio mapana, na pembeni yake dogo, la mviringo.

"Nataka uzito wetu," alisema.

"Kaeni." Fundi alinong'ona, kama kuna watu wamelala humo. "Mkikaa, unawarudia. Lakini ukirudi kwenu, unarudi na kwenye gari. Gari liko wapi saa hizi?"

Mama Kibonge aliusikia. Mlio wa lile bomba pana, kwa mbali, unapanda mlima.

"Msubiri ashuke," fundi alisema.

Mkanda ukalegea mkononi mwa mama. Akageuka. Upande wa mtoto fundo lilikuwa linafunguka, na Kibonge alikuwa ameshafika kwenye mabati ya paa, penye tundu. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Hakusubiri.

Alimvuta, akamkalisha kwenye lile umbo dogo. Springi zikalia. Mtoto akashuka kwa kishindo, akafumbua macho, akaanza kulia kwa sauti nene. Mama akakaa pembeni yake. Mifupa yote ikamrudia kwa mpigo mmoja.

Kule mlimani mlio ulikatika.

Baba Kibonge walimkuta amekaa kwenye majani kando ya kona. Gari lilikuwa korongoni, magurudumu juu. Yeye mwenyewe mzima, hana jeraha. Alisema lilikuwa linapaa vizuri, mara nyuma kukawa kuzito, pua ikainuka, usukani ukakosa cha kushika. Akasema alishikwa mabega kutoka nyuma, akajikuta majanini. Hakutaka kusema zaidi.

Nyumbani mkewe alimvua shati. Begani kushoto kulikuwa na alama ya vidole, nyeusi. Akaweka kiganja chake juu, kikaenea. Kulia kulikuwa na alama ndogo. Akauchukua mkono wa Kibonge, ukaenea.

Kulikuwa na ya tatu, nyuma ya shingo. Vidole virefu, vyembamba. Alijaribu wa mume, alijaribu wake tena. Haukuenea mkono wowote wa nyumba ile.

Zile mbili zilipona. Na mashati bado anamshonea, maana mume ni huyo huyo. Lakini kila moja, hata likiwa la kitambaa kigumu, hata kabla halijafuliwa, huchanika kwanza nyuma ya shingo, na uzi wake huwa umevutwa kuelekea nyuma.