Sheria Zilizokaa Kichwani mwa Kipimo

Siku hiyo mjinga alikuwa Kipimo, na mwenyewe hakatai. Alikuwa mwenyekiti wa mafundi cherehani saba waliotumia ukumbi mmoja. Asubuhi alimkuta shemeji yake, mdogo wa mkewe, akikata karatasi kwa mkasi wa kitambaa.

"We! Mkasi huo utakuwa butu! Sheria inasema utoke humu mwezi mzima."

"Sheria ipi, shemeji? Iko wapi?"

"Hapa." Kipimo aligonga paji la uso wake.

Shemeji aliinamisha kichwa. Alikuwa na sare arobaini za kushona, na shule zilifungua Jumatatu. Machozi yakamlengalenga.

Jirani yao, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa pale akingoja gauni lake. Akaangua kicheko.

"Kipimo baba, umetunga sheria, umeshtaki, umehukumu, na chai bado hujanywa!"

"Mama, huu ni ukumbi, si nchi."

"Nchi nazo zilianza hivyo hivyo. Babeli, karibu miaka elfu nne iliyopita, mfalme Hamurabi alichongesha sheria kwenye jiwe, zionekane. Hongera zake! Ila bwana na mtumwa hawakupimwa sawa. Roma ya kale, wakubwa walizifungia sheria kwao, kama wewe. Wanyonge wakakataa mpaka zikaandikwa na kuwekwa hadharani. Uingereza, miaka mia nane iliyopita, mfalme alibanwa akakiri kwamba naye yuko chini ya sheria. Baadaye katiba nyingi ziligawa kazi: huyu atunge, yule atekeleze, mwingine aamue. Kila kizazi kiliona tundu lililoachwa na waliotangulia, kikaliziba. Si kazi ndogo, mwanangu!"

Kipimo alikuna kichwa. "Jiwe sina. Karatasi ngumu ninayo."

Mchana mafundi wote walikaa kikao. Walibishana, wakaandika, wakabandika ukutani. Atakayeharibu mkasi, aunoe. Kesi zitaamuliwa na watatu watakaochaguliwa. Shemeji akarudi kwenye cherehani yake, na sare zote arobaini zikakabidhiwa Jumapili.

Ila kwenye kikao kile, kabla hawajatawanyika, ulibaki ubishi mmoja.

"Tuongeze," alisema Kipimo, "kwamba mwenyekiti haguswi. Sheria ni nzuri, ni za haki, nimeziandika kwa mkono wangu. Lakini ni zenu, si zangu."

Wenzake wakaguna. Shemeji akamgeukia.

"Shemeji, fundi anayekataa kuvaa nguo aliyoishona mwenyewe, nani atampelekea kitambaa?"